Kitabu cha mota: kisa cha fundi umeme aliyekaa bila kazi Lubumbashi

Tarehe 22 Februari 2025 Serikali ya Kongo-Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje. Bei ilikuwa imeporomoka, na Kongo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, ikaamua kuibana. Amri ya miezi minne ikaongezwa, na lango halikufunguliwa mpaka 16 Oktoba, tena kwa mgao: tani 96,600 kwa mwaka mzima wa 2026. Migodi mikubwa haikufa, maana shaba iliendelea kutoka. Walioumia haraka ni kampuni ndogo zilizo chini yake, za kukausha, kujaza magunia, kupakia malori na kutengeneza mashine za upande huo. Hizo zilianza kurudisha watu mjini.

Mmoja wa waliorudi ni kijana wa Katuba, komini (sehemu ya mji) ya Lubumbashi, fundi umeme wa viwandani mwenye gradua, diploma ya miaka mitatu ya chuo, aliyekuwa na mkataba wa mwaka mmoja kwenye kampuni ya namna hiyo. Mkataba ulipofika mwisho haukurudiwa. Jina lake silitaji, maana hapa mjini watu wanajuana. Nitamwita Mudogo, kama walivyozoea kumwita kwenye karakana ya mota aliyokuja kuingia baadaye. Alikaa karibu mwaka bila mkataba, na mwaka huo ulikuwa na sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Mzee wa karakana ile namfahamu tangu zamani, na kitabu cha Mudogo, daftari la mota alilolijaza pale, ambacho ndicho kiini cha kisa hiki, nimekisoma ukurasa kwa ukurasa.

Miezi ya dosiye

Kwetu hakuna fao la kukosa kazi. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inalipa pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia. Aliyesimamishwa tu, mwenye afya yake, hana dirisha lake pale. Bima ya mtu kama huyo ni ndugu. Mudogo alirudi kwa yaya yake, yaani dada yake mkubwa, aliyeolewa Katuba na ana watoto watatu, akapewa kitanda katika chumba cha watoto.

Kazi yake ya miezi ile ilikuwa dosiye. Anayeishi hapa anaijua: sivi (CV), leta ya kuomba kazi, kopi ya diploma, kopi ya kadi ya mpiga kura, picha mbili, vyote ndani ya bahasha ya kaki. Asubuhi anapita kwenye sekretariati publiki, kibanda chenye kompyuta moja, printa moja na jenereta ndogo mlangoni, anabadilisha jina la kampuni juu ya leta, anachapisha, anapanda taksi-basi. Kwenye lango la kampuni mlinzi anaipokea bahasha bila kuifungua na kuiweka juu ya nyingine. "Acha tu hapo, batakupigia." Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, hela ya kuchapisha, kwa wiki ni pesa ya kununua unga wa nyumba nzima.

Katika kipindi hicho alifanya jambo moja la maana, na wengi hawalifanyi. Kampuni yake ya zamani ilikuwa haijampa cheti cha kazi, ile karatasi inayosema alifanya kazi gani na kwa muda gani. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimu mwajiri kuitoa mkataba unapokwisha, awe amekupenda au la. Mudogo alirudi ofisini kwao mara kadhaa, kwa heshima, bila kupandisha sauti, mpaka wakachoka kumwona wakaiandika. Bila karatasi hiyo, mwaka wake wa kazi ungebaki maneno matupu mdomoni mwake.

Kisha akaingia kwenye mafunzo ya intaneti, ya bure. Usalama kazini, usimamizi wa miradi, msingi wa otomati za viwandani, Excel. Alijaza mega za intaneti, akatazama video, akajibu maswali ya kuchagua, cheti kikaja kwenye simu. Vyeti vikawa vingi hadi akavifungulia faili. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Mengine yameandaliwa vizuri kuliko masomo tuliyolipia. Lakini nilipomwuliza jambo moja lililokuwa ndani ya somo lake mwenyewe, afanye nini kontakta, swichi inayowasha mota, ikiita na isishike, alinitajia sehemu za kontakta kwa majina mazuri ya Kifaransa, akakwama hapo. Alikuwa ametazama mtu akieleza, na cheti kilishuhudia hivyo tu: kwamba alitazama.

Huku mwili ukaanza kuzoea. Usiku simu, asubuhi saa nne bado yumo kitandani, watoto wameshakwenda shule. Shemeji yake hakusema kitu, na kunyamaza kwa shemeji ndani ya nyumba yake kunasikika. Yaya ndiye aliyesema: "Mudogo wangu, hata kuku inatokaka asubuhi." Hakuwa anadai pesa. Alikuwa anaona mdogo wake akizama.

Mimi naona kasoro ya miezi ile haikuwa uvivu. Alipeleka dosiye nyingi, alisoma usiku, alichoka kweli. Ila hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye angekasirika kama Mudogo asingefika mahali fulani saa fulani. Kampuni hazikumngoja. Video hazikumngoja. Angeweza kuacha vyote Jumanne, na Jumatano isingeonyesha tofauti. Mtu aliyetoka kwenye kazi ya zamu, yenye king'ora na msimamizi, hawezi kuamka kwa ratiba aliyojiandikia mwenyewe kwenye karatasi ukutani. Wapo wanaoweza, lakini ni wachache, na Mudogo si mmoja wao.

Stata ya mama wa mashini

Karakana aliifikia kwa kubebeshwa mzigo. Jirani yao, mama mmoja, ana mashini ya kusaga mahindi. Mota iliungua, akamwomba Mudogo, kwa kuwa ni kijana na amesomea umeme, amsindikize msukuma pusupusu (mkokoteni) hadi kwa mzee mmoja wa Kenya, komini nyingine ya hapa Lubumbashi, anayefunga koili za mota upya. Mzee huyo alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali. Aliondoka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ambapo zaidi ya wafanyakazi elfu kumi walichukua fungu lao mara moja wakaaga kampuni iliyokuwa inawapa nyumba, hospitali, shule na unga. Wengi pesa ile iliwaponyoka. Yeye alinunua waya wa shaba, megeri (kipimo cha kinga ya umeme) iliyotumika, na kibanda.

Mudogo alikaa kutazama. Mzee akamwuliza amesomea nini.

"Umeme wa viwanda, Papa."

"Basi nipigie hesabu ya hii."

Ilikuwa stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka na inayobeba koili, yenye mifereji 36, mota ya poli nne. Mudogo akajibu papo hapo: mifereji tisa kwa poli, mitatu kwa poli kwa kila fazi, kwa umeme wetu wa hetsi 50 uga wake unazunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota, sehemu inayozunguka, inabaki nyuma kidogo, kwenye 1,450 hivi. Mzee akatikisa kichwa, akampa koili aiingize mferejini.

Hapo ndipo diploma ilipogota. Waya wa koili umepakwa vanishi nyembamba, na vanishi hiyo ndiyo kinga pekee kati ya mzunguko na mzunguko. Mferejini kumetandikwa karatasi ngumu ya kuhami. Unaingiza nyuzi chache chache kupitia mdomo mwembamba wa mfereji, unazilaza kwa kijiti laini, huku mkono mwingine unazuia zisipandane. Ukucha ukikwaruza, ukingo wa chuma ukikwaruza, hutaona kitu leo. Mota itawaka, itasaga wiki mbili, kisha moshi. Mudogo alikwaruza. Mzee akazitoa nyuzi zote bila neno, akamwambia arudi kesho saa mbili.

"Rudi kesho saa mbili" ndiyo sentensi iliyoubadilisha mwaka wake. Miezi ya kwanza hakulipwa. Alikula bukari (ugali) ya saa sita na mzee, basi. Baadaye akapewa theluthi ya pesa ya ufundi kwa mota alizofunga yeye. Shemeji alinung'unika sasa kwa sauti, kwamba mtu aliyesoma anarudi na mikono ya mafuta bila feza. Yaya akakata shauri kwa namna yake: Mudogo atalipia maji ya nyumba, kila mwezi, hata kama ni kwa kukopa. Nadhani huyu mama anaelewa mambo ya kazi kuliko wengi wanaohubiri kwenye semina.

Kitabu

Mota ikifika imeungua, kabla ya kukata koili za zamani lazima uhesabu mizunguko yake na kupima unene wa waya. Ukikosea mizunguko, mota itazunguka, mteja atafurahi, na itachemka hadi iungue tena. Mzee alikuwa na hesabu hizo kichwani, na kichwa chake kimeanza kuchanganya. Mudogo akanunua daftari kubwa la kurasa za miraba.

Mwanzoni aliandika data za koili peke yake: nguvu ya mota, mifereji, mizunguko, unene wa waya kwa maikromita, koili zimeungwaje. Halafu akaongeza vipimo: megeri kabla na baada, maana chini ya megaomu moja mota haitoki karakanani, ampea za mota ikizunguka bila mzigo, fazi kwa fazi. Kisha akaongeza safu mbili ambazo mzee aliziona ni mchezo wa mwanafunzi. Ya kwanza: chanzo cha kuungua. Ya pili: mteja anapochukua mota yake, anaandika tarehe na kutia sahihi, na kama anakubali, namba ya simu.

Safu ya chanzo ndiyo iliyomfanya fundi. Mota zinaungua kwa namna mbalimbali, na koili zilizoungua zinasema nini kilitokea kama unajua kuziangalia. Chukua mota kubwa ya mashini ya kusaga, iliyofungwa pembetatu kwenye volti 380. Ukifungua kifuniko ukakuta theluthi moja ya koili ni nyeusi kabisa na theluthi mbili bado zina rangi yake ya dhahabu, usitafute mbali: fazi moja ilikatika, na koili za fazi moja zikabebeshwa mzigo wote. Mota ndogo ya pampu, iliyofungwa nyota, inafanya kinyume: theluthi mbili zimeungua, theluthi moja nzima. Koili zote zikiwa nyeusi sawasawa, hiyo ni mzigo kupita kiasi au volti kushuka. Umeme wa jioni ukishuka hadi 320 na mahindi bado yanamiminwa, ampea zinapanda. Na kama alama ni sehemu moja tu, kovu dogo la shaba iliyoyeyuka, hapo angalia mkono wa aliyefunga mara ya mwisho. Mudogo aliandika hata zile zilizokuwa za mkono wa karakana yao wenyewe. Mzee hakupenda, lakini hakuufuta ukurasa.

Baada ya miezi kadhaa aliyahamishia yote kwenye Excel, kwa kompyuta ya sekretariati publiki, akilipia saa. Ile Excel aliyoipatia cheti bila kuitumia, sasa ilikuwa na kitu cha kupanga. Mota za mashini za kusaga zilizopita pale nyingi zilikuwa na theluthi moja nyeusi. Fyuzi ya fazi moja imekatika nguzoni, SNEL, shirika la umeme, imerudisha umeme kwenye nyaya mbili, mwendeshaji yuko nje anaongea, mota inaunguruma bila nguvu. Na relei ya joto, iliyowekwa kuzuia jambo hilo hasa, alikwenda kuiona kwenye mashini moja baada ya nyingine: imerukwa kwa kipande cha waya, kwa sababu ilikuwa "inasumbua".

Ugomvi wenye haki pande zote mbili

Mudogo akamwambia mzee kwamba wanaweza kuwafungia wateja relei ya kulinda fazi. Ni kifaa kidogo, bei yake ni sehemu ndogo ya gharama ya kufunga koili upya. Fazi ikikatika, kinazima mota.

Mzee akaweka chini koleo. "Mashini zisiungue, na sisi tutakula nini?"

Nimewasikia watu wakicheka wakisimuliwa hapa, kana kwamba mzee alikuwa mjinga au mwizi. Sioni hivyo. Mzee ana mke mgonjwa, ana wajukuu wanaosoma kwa pesa ya mota zilizoungua, na kijana ambaye kesho anaweza kuitwa mgodini anamwambia afunge chanzo cha riziki yake. Kwa upande wa pili, mama wa mashini mota ikiungua hukosa pesa ya siku nne au tano, na mtaa mzima hubeba ndoo za mahindi hadi mbali. Wote wawili wana haki.

Mudogo hakubishana. Alikaa wiki moja, akarudi na hesabu kwenye karatasi: kufunga relei na kurudisha relei ya joto mahali pake, bei hii, kisha kupita mara moja kwa mwezi, kukaza viungo, kupima ampea za kila fazi, kutia grisi beringi, bei hii ndogo kila mwezi kwa kila mashini. Nusu ya mzee, nusu yake. Mzee akauliza swali moja, nani ataomba pesa ya kila mwezi kwa mama wa watu wakati mota haijaungua. Ni swali la mtu aliyefanya biashara miaka ishirini.

Wenye mashini watatu walikubali. Wengine walisema relei ni kazi ya SNEL, au wakasema watafikiri, ambayo ni hapana ya adabu. Mmoja kati ya watatu alikubali kwa sababu ni rafiki wa yaya. Hata hivyo kitabu kinaonyesha mashini hizo tatu hazikurudi karakanani tangu hapo, na mzee, asiyependa kusifu, alianza kuwaambia wateja wapya: "Mudogo wangu atapita."

Walishindana pia juu ya makala, yaani mkaa. Karakana nyingi hulainisha vanishi ya zamani kwa kuweka stata juu ya makala yanayowaka, koili zitoke kirahisi. Moto ukizidi, unaunguza kinga iliyo kati ya bamba nyembamba za chuma zinazounda kiini cha stata. Mota inatoka nzuri kwa macho lakini inachemka na kula ampea zaidi bila mzigo. Mudogo alikuwa na vipimo vya kabla na baada vinavyoonyesha. Hapa alishinda nusu: makala yalibaki, moto ukapunguzwa, na hakuna anayewasha akaondoka.

Mezani

Mwaka ulipokaribia kwisha aliitwa kwenye majaribio ya kazi na kampuni ya matengenezo. Sivi yake ilikuwa imebadilika. Palipokuwa na pengo aliandika: ufungaji na uchunguzi wa mota za fazi tatu, karakana binafsi, komini ya Kenya, na chini yake aina za mota na hitilafu alizozitambua. Tatizo lilikuwa ushahidi. Mzee hana mhuri, hana usajili wa biashara, na barua yake ya mkono mbele ya ofisi ya rasilimali watu haina uzito. Sahihi za wateja ndizo zilizojaza nafasi hiyo. Mudogo aliwaomba wanne ruhusa ya kutaja namba zao. Ofisi ilimpigia mama wa mashini wa kwanza, akaongea nao dakika nyingi kuliko walivyotaka.

Kwenye majaribio waliuliza: mota ya pampu inakata kwa relei ya joto kila mchana saa nane, asubuhi haina neno, utaanza wapi? Waliokuwa wamesoma vizuri walianza kutaja sababu zote za kitabuni. Mudogo alisema kwanza angezima, angefunga kwa kufuli na kibandiko, angehakikisha hakuna volti. Halafu angerudisha umeme na kupima volti na ampea za fazi zote tatu asubuhi na tena saa nane, kabla ya kugusa mota. Kisha akafungua daftari kwenye mota iliyofanana na hiyo, ambapo kosa lilikuwa sanduku la umeme lililowekwa juani: relei ilikuwa inachemshwa na jua, mota haina kosa lolote. Mkaguzi akaliomba daftari, akalisoma kimya, akamwuliza kuhusu ukurasa ambao koili ziliungua kwa mkono wao. Akaeleza. Kufuli na kibandiko alivijua tangu mgodini; kwenye karakana ya mzee hakukuwa navyo, alikuwa ametengeneza kibandiko cha ubao kwa maandishi ya rangi nyekundu, na wateja walimcheka.

Alikuwa wa pili. Nafasi ilikuwa moja.

Hili nalisema kwa sababu visa vya namna hii husimuliwa kana kwamba daftari hufungua mlango kama ufunguo. Aliyekuwa wa kwanza alikuwa na miaka sita mgodini, na alistahili. Mudogo aliitwa wiki kadhaa baadaye, mwingine alipochukua kazi Kolwezi. Angeweza kutoitwa. Lakini hata bila simu ile, Januari yake haikuwa kama Machi yake: alikuwa na theluthi yake ya mota, nusu ya mashini tatu, na maji ya nyumba yamelipwa.

Kwa pesa ya relei za kwanza alikuwa amejilipia mafunzo mafupi ya INPP, taasisi ya mafunzo ya ufundi iliyopo tangu 1964 na yenye kituo hapa mjini. Alichagua vifaa vya kubadilisha kasi ya mota, kwa sababu pampu mbili zilizofika karakanani zilikuwa navyo na mzee hakutaka hata kuvigusa. Aliingia darasani na maswali yaliyoandikwa. Mwalimu, aliyemzoea mwanafunzi wa kuandika tu, alibaki naye baada ya saa za kazi. Somo lile lile lingetolewa miezi minane kabla, lingekuwa cheti kingine kwenye simu. Hapo ndipo ninapoachana na wanaoshauri vijana wasome kwanza, wajaribu baadaye. Kwa aliyekwisha soma shule na yuko nyumbani, atafute kwanza mahali anapodaiwa kitu, na kilichobaki kisomwe kwa njaa ya mahali hapo.

Bahati ilikuwepo, isifichwe. Yaya alimlaza na kumlisha. Hakuwa na mtoto. Mzee alimpokea bila kumlipisha pesa ya kujifunzia, na karakana nyingine hulipisha. Na ni mwanaume: najua binti mwenye diploma ile ile aliyekwenda karakana mbili za mjini huu akaulizwa kama amemletea mtu chakula. Yeye alipata mlango kwa njia nyingine, kwa kumtunzia muuza vipuri vya umeme hesabu za stoo, na sasa anaijua mota kwa vipuri vyake kabla ya kuigusa. Kwa mhasibu asiye na kazi, hesabu za duka la mjomba zinazofungwa kila Jumamosi jioni, na mjomba anazidai, zina nafasi ile ile. Anayelea wazazi wagonjwa hana saa mbili asubuhi ya kumpa mtu, na kisa hiki hakimsaidii sana.

Mkataba alioletewa Mudogo ni wa miezi sita. Siku ya kuaga, mzee alidai daftari libaki. Data za koili za wateja wote zimo humo, alisema, na ni za karakana. Mudogo alisema mwandiko ni wake. Walikwenda pamoja sekretariati publiki wakatoa kopi ya kurasa zote, wakagawana gharama. Ya asili ikabaki Kenya, kopi ikaenda na Mudogo ndani ya bahasha ya kaki. Mvulana mpya wa karakana anaendelea kuandika. Safu ya chanzo anaijaza kwa Kiswahili, na mara nyingi anaiacha wazi, na mzee, wa kushangaza, ndiye anayemrudisha aijaze.

Mashini tatu za kila mwezi bado hazijapata ufumbuzi. Mudogo ana zamu za mgodini na anapita Jumapili anayokuwa mjini; mwezi uliopita hakupita. Mzee anataka mvulana apite badala yake na nusu ya Mudogo ipungue iwe robo. Mudogo anasema robo kwa mteja aliyemleta mwenyewe ni ndogo. Mama wa mashini, naye, hajalipa miezi miwili, anasema atalipa mkono utakaokuja kukaza viungo.